Nafasi 28 si skolashipu 28: hesabu mpya ya mshambuliaji wa kike katika vyuo vya Marekani

Mambo mawili yametokea katika soka la wanawake Marekani ndani ya muda usiotimia mwaka, na yote mawili yameeleweka vibaya huku kwetu. Agosti 2024 ligi kuu ya wanawake ya nchi hiyo, NWSL, ilikubaliana na chama cha wachezaji kuifuta drafti, ule utaratibu wa klabu kupokezana zamu kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni. Kisha tarehe 6 Juni 2025 jaji Claudia Wilken akaidhinisha maridhiano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu. Ukomo wa skolashipu 14 kwa timu ya soka ya wanawake ukaondoka, mahali pake ukawekwa ukomo wa wachezaji 28 kikosini. Waliosikia la kwanza walitangaza kwamba chuo kimekufa na binti mwenye kipaji aende moja kwa moja kwenye soka la kulipwa. Waliosikia la pili walipiga hesabu ya haraka, wakaona 14 imezaa 28, wakaanza kuwahimiza wazazi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala watume video.

Makundi yote mawili yamesoma kichwa cha habari na kuuacha mkataba. Chuo bado ni njia ya kweli kwa mshambuliaji wa kike, hasa anayechelewa kukomaa na asiye na jina katika timu za taifa za vijana. Kilichobadilika ni kwamba hatari iliyokuwa ikibebwa na mfumo sasa anaibeba mchezaji mwenyewe. Anapaswa kupima dakika atakazopewa, aina ya mabao atakayofunga na masharti ya karatasi aliyoisaini. Jina la chuo na jumla ya mabao, vitu ambavyo kwa miaka mingi ndivyo vilivyomuuza, vinakuja nyuma sana.

Ili kuona kwa nini, turudi kidogo. Sheria ya Title IX ya mwaka 1972 ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani, na vyuo vikalazimika kufungua timu za wanawake ili kukaribiana na zile za wanaume. Mwaka 1982 NCAA ikaanzisha ubingwa wake wa soka la wanawake. Wakati huo hapakuwa na ligi ya kulipwa ya kuzungumziwa, kwa hiyo chuo kilikuwa ndicho kilele chenyewe. Mia Hamm alifunga mabao 103 akiwa North Carolina na kutwaa ubingwa mara 4. Danielle Fotopoulos wa Florida aliweka rekodi ya mabao 118. Christine Sinclair, Mkanada aliyechezea Portland, alimaliza na 110, yakiwemo 39 ya msimu mmoja wa 2005, kisha akaenda kufunga 190 kwa taifa lake. Takwimu hizi ndizo zilizojenga imani kwamba mshambuliaji hupimwa kwa jumla ya mabao. Hata namna vyuo vinavyohesabu pointi iliisaidia imani hiyo: bao ni pointi 2, pasi ya bao pointi 1, na bao moja linaweza kuwapa wachezaji wawili pasi ya bao kila mmoja. Anayesoma orodha ya wafungaji wa chuo bila kulijua hilo anaweza kumwona mchezaji ni mkubwa kuliko alivyo.

Drafti iliendeleza hesabu hiyo hiyo. Ile ya mwisho, Januari 2024, ilikuwa na raundi 4 na klabu 14, jumla nafasi 56, na Ally Sentnor wa North Carolina ndiye aliyechukuliwa wa kwanza na Utah Royals. Mchezaji hakuwa na kauli juu ya mji, kocha wala mfumo wa uchezaji. Akichaguliwa na klabu yenye washambuliaji watatu wa timu ya taifa, anakaa benchi hadi klabu imtoe. Chama cha wachezaji kilikuwa na haki kabisa kuupiga vita utaratibu huo. Lakini kwa wale wa chini drafti ilikuwa na faida moja ambayo haisemwi: iliilazimisha kila klabu iwe na orodha, yaani kuna mtu aliyelipwa kukaa na kutazama mechi za vyuo visivyo na umaarufu, kwa sababu zamu ya raundi ya 4 ingefika na jina lingehitajika. Sasa klabu inasajili inayemtaka, inapomtaka, na isipotaka hakuna zamu inayoidai jina. Mshambuliaji wa chuo kikubwa mwenye wakala mzuri anachagua kati ya ofa tatu. Wa chuo kidogo asipokuwa na mtu wa kumpigia simu, simu haiji.

Wanaosema chuo kimepitwa na wakati wana ushahidi mzito, na haufai kupuuzwa. Tazama medali ya dhahabu ya Paris 2024. Marekani ilifunga mabao 12 katika mashindano yale, na 10 kati yake yalitoka kwa watu watatu wa mbele: Trinity Rodman, Mallory Swanson na Sophia Smith, ambaye sasa anaitwa Sophia Wilson. Rodman alijiunga na Washington State lakini msimu ukavurugwa na korona, akaenda kwenye drafti ya 2021 akiwa na miaka 18 bila kucheza mechi hata moja ya chuo, na mwaka huo huo akatwaa ubingwa wa ligi na Washington Spirit. Swanson aliondoka UCLA mwaka 2017 kabla ya kucheza mechi ya mashindano. Wilson peke yake ndiye aliyecheza chuo, misimu miwili Stanford, akachukua ubingwa wa 2019 na kuondoka. Kwa maneno mengine, safu bora ya ushambuliaji duniani mwaka ule ilikuwa na misimu miwili tu ya chuo, watu watatu kwa pamoja. Ongeza Olivia Moultrie, ambaye mwaka 2021 alikwenda mahakamani akiwa na miaka 15 kupinga kanuni ya umri ya NWSL na akaruhusiwa kusajiliwa na Portland Thorns. Mlango wa mabinti wadogo umefunguka na haufungwi tena.

Ila hao wote walikuwa wameshajulikana kabla ya kumaliza sekondari. Walipita timu za taifa za vijana, makocha walikuwa na majina yao kwenye madaftari, na kuruka chuo hakukuwapotezea macho ya mtu yeyote. Asiyejulikana hawezi kujipima nao. Lynn Williams, anayetumia sasa jina la Biyendolo, alitoka Fresno akacheza misimu minne Pepperdine, chuo ambacho si mojawapo ya vigogo vya soka. Alichukuliwa wa 6 katika drafti ya 2015, mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi, na baadaye akampita Sam Kerr na kuwa mfungaji bora wa muda wote wa NWSL. Angelazimishwa kuamua akiwa na miaka 17, ni klabu gani ingemsajili? Alex Morgan aliumia kano ya mbele ya goti akiwa na umri huo huo. Chuo cha California, Berkeley, kilimpa miaka ya kurudi taratibu, na mwaka 2011 akawa chaguo la kwanza la drafti ya ligi iliyokuwepo wakati huo. Catarina Macario, aliyezaliwa Brazil, alifunga mabao 63 katika mechi 68 za Stanford na kushinda tuzo ya Hermann, ya mchezaji bora wa vyuo, mara mbili mfululizo, 2018 na 2019, halafu akaenda Lyon ya Ufaransa bila kuigusa drafti. Hawa watatu ndio kipimo sahihi cha swali letu, kwa sababu chuo kiliwapa walichokikosa: muda wa kukomaa, muda wa kupona, au jukwaa la kujadiliana na Ulaya.

Sasa tuingie uwanjani, maana huko ndiko mjadala huu unakofanyiwa haraka kupita kiasi. Soka la chuo limekuwa na sheria zake za kubadilisha wachezaji, na zinamgusa mshambuliaji kuliko mtu mwingine. Kwa wanawake, mchezaji anayetoka kipindi cha kwanza harudi hadi mapumziko, lakini kipindi cha pili anaweza kutoka na kurudi mara moja. Mfuate namba tisa wa kawaida wa chuo. Anaanza mechi, anawakaba mabeki kuanzia juu kwa nguvu zote, dakika ya 28 anatolewa. Anapumzika hadi mapumziko yaishe, yaani zaidi ya nusu saa ukijumlisha dakika za chumba cha kubadilishia nguo. Anaanza kipindi cha pili, anatoka dakika ya 62, anarudi dakika ya 76 akiwa na miguu mipya dhidi ya beki wa kati ambaye hajatoka hata sekunde moja. Dakika ya 83 mpira mrefu unapigwa nyuma ya beki huyo, binti anamzidi mbio, anafunga. Kwenye karatasi limeandikwa bao 1. Kocha wa soka la kulipwa anauliza kitu kingine: je, angeifikia mipira hiyo kama angekuwa amecheza dakika 82 mfululizo? Huku kwa wakubwa mabadiliko ni wachezaji 5 na aliyetoka ametoka.

Ndiyo maana wahitimu wengi wenye mabao mengi hufifia miezi mitatu ya kwanza ya kulipwa. Kasi yao ipo vile vile. Hawajajifunza kuigawa nguvu: lini ukimbie kumkaba kipa, lini ufunge tu njia ya pasi kwa kusimama, lini ujifiche begani mwa beki dakika kumi nzima ukisubiri mbio moja. Mshambuliaji anayejua hili anamwomba kocha wake wa chuo, kuanzia msimu wa pili, mechi kadhaa za dakika 90 kamili, hasa zile za machipuo ambazo hazihesabiwi kwenye ubingwa. Pia anaanza kuyagawa mabao yake. Mabao ya penalti weka kando. Mabao ya mbio nyuma ya mabeki dhidi ya timu dhaifu za mwanzo wa msimu weka kando. Yanayobaki, ya kugusa mara moja ndani ya sita, ya kichwa, ya kugeuka na beki mgongoni, ya mguu usiouzoea, ndiyo yanayosafiri naye kwenda ligi kuu. Mwenye mabao 12 ya aina hiyo ana bidhaa bora kuliko mwenye 20 yaliyojaa mbio tu.

Ratiba nayo ina madhara yake. Msimu wa chuo unaanza katikati ya Agosti na fainali huchezwa Desemba, mara nyingi mechi mbili kwa wiki, Alhamisi na Jumapili, na katikati kuna ndege, mabasi na mitihani. Kati ya mechi na mechi misuli hupata siku mbili kamili. Wanawake hukatika kano ya mbele ya goti zaidi ya mara mbili ya wanaume wanaocheza mchezo huo huo, na mara nyingi bila kuguswa na mtu: ni kutua kwa mguu mmoja au kukata kona ghafla huku goti likiangukia ndani, misuli ya nyuma ya paja ikiwa imechoka kiasi cha kushindwa kuushika mfupa. Mshambuliaji hufanya mikato hiyo mara nyingi kwa mechi. Kupona huchukua miezi 9 hadi 12, maana yake jeraha la Septemba linakula msimu wote na kugusa unaofuata. Kuna kinga isiyogharimu kitu: programu ya FIFA 11+, mazoezi 15 katika sehemu tatu, dakika 8 za kukimbia polepole, 10 za nguvu, kuruka na mizani, 2 za kukimbia kwa kasi. Kinachoharibika ni pale sehemu ya katikati inapokatwa kwa sababu uwanja umechelewa kupatikana, na hiyo ndiyo sehemu inayolinda goti. Na kama jeraha limetokea nusu ya kwanza ya msimu, kabla mchezaji hajazidisha asilimia 30 ya mechi, chuo kinaweza kumwombea msimu huo usihesabiwe. Mchezaji aliyeingizwa dakika mbili katika mechi moja ya ziada bila sababu anaweza kuipoteza haki hiyo, kwa kuwa dakika mbili ni mechi kamili kwenye hesabu. Hilo mzazi aliye mbali hawezi kulijua asipoambiwa.

Turudi kwenye zile 14 na 28. Skolashipu 14 za zamani zilikuwa zinagawanyika. Kocha mwenye wachezaji 30 alizikata vipande, huyu nusu, yule robo, mwingine ada tu bila chakula na malazi. Maridhiano yameruhusu chuo kilichojiunga nayo kutoa hadi 28 kamili. Kuruhusu hakulazimishi. Fedha zinazoweza kugawiwa wanamichezo moja kwa moja, dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa masomo 2025/26, ni ukomo wa juu, na sehemu kubwa inaelekezwa kwenye futiboli ya Kimarekani na mpira wa kikapu wa wanaume kwa sababu huko ndiko mapato yanakotoka. Skolashipu mpya zinazotolewa huingizwa ndani ya ukomo huo hadi kiwango fulani, kwa hiyo mkurugenzi wa michezo anaposema ataongeza skolashipu za soka la wanawake anashindana na mahitaji mengine kwenye chungu kile kile. Upande wa pili wa maridhiano ndio uliosahaulika kabisa: timu nyingi zilizokuwa na wachezaji 32 au 35 zilipunguza. Waliopunguzwa hawakutoweka. Wengi waliingia kwenye mfumo wa kuhama vyuo, ambao tangu Aprili 2024 unamruhusu mchezaji mwenye maendeleo mazuri ya masomo kuhama zaidi ya mara moja na kucheza papo hapo.

Kwa hiyo nafasi ya mshambuliaji wa miaka 18 kutoka ng'ambo imebanwa pande mbili. Kocha aliyekuwa akichukua binti wa kumlea miaka miwili, leo anaweza kumchukua mshambuliaji wa miaka 21 mwenye mabao 15 kutoka chuo kingine, tayari kucheza. Ukomo wa 28 unamfanya awe mkali zaidi, maana kila kiti kina gharama. Divisheni ya Kwanza ya wanawake, daraja la juu la NCAA, ina timu zaidi ya 300. NWSL ya 2026 ina klabu 16, na hata kila moja ikisajili wachezaji 26 haifiki watu 420, nafasi zote kwa pamoja, wageni na wenyeji. Yule anayevuka anapata kitu cha maana: kima cha chini cha mshahara katika mkataba mpya wa pamoja kilikuwa dola 48,500 mwaka 2025 na kitapanda hadi 82,500 mwaka 2030, mikataba imehakikishwa, na mchezaji hawezi kuuzwa bila ridhaa yake. Ndiyo faida kubwa ya mageuzi haya na ninaiunga mkono bila kusita. Inawafikia wachache.

Hapa ndipo linapokuja suala letu. Tanzania ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 mwaka 2022 kule India baada ya kuifunga Ufaransa 2-1. Kenya ikacheza mashindano hayo 2024 katika Jamhuri ya Dominika na kuifunga Meksiko. Mabinti hao wako kwenye umri wa kuamua sasa hivi. Mfano wa njia ya chuo tunao jirani: Sandra Nabweteme wa Uganda alifunga mabao kwa wingi Southwestern Oklahoma State, chuo cha Divisheni ya Pili, akatoka hapo kwenda kucheza Iceland. Alipita mlango ambao wengi wetu hatuutazami, kwa kuwa masikio yetu yako Stanford na North Carolina. Divisheni ya Pili, na vyuo vya chama kingine kiitwacho NAIA, ndivyo vinavyowachukua washambuliaji wa Afrika kwa urahisi zaidi, na mwenye kufanya vizuri huko anaweza kuhamia juu baada ya mwaka mmoja. Divisheni ya Tatu na vyuo vya Ivy, kundi la vyuo vikongwe kama Yale, havitoi skolashipu ya michezo. Msaada wao hutegemea hali ya kifedha ya familia.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema: Temwa Chawinga, Barbra Banda na Racheal Kundananji hawakusoma chuo Marekani, wako kileleni, basi chuo hakina haja. Ni kweli Chawinga wa Malawi alifunga mabao 20 mwaka 2024, rekodi ya msimu wa NWSL, na Banda wa Zambia ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya mwaka huo. Lakini hakuna hata mmoja aliyetoka nyumbani akatua Marekani. Chawinga alipitia Uswidi, kisha China. Banda alipitia Hispania na China. Kundananji alianzia Kazakhstan, akaenda Hispania, ndipo Bay FC ya NWSL ikamnunua mwaka 2024 kwa zaidi ya dola 700,000. Njia yao ilikuwa na madarasa yake, magumu, yenye mikataba midogo katika miji ya baridi isiyo na mtu wa kuongea naye lugha moja. Aisha Masaka wetu alipita njia hiyo hiyo, kutoka Yanga Princess kwenda BK Häcken ya Uswidi hadi Brighton. Wanaotoa mifano hii wanalinganisha chuo na kutokuwa na chuo, wakati ulinganisho wa haki ni kati ya miaka minne ya chuo na miaka minne ya ligi za kati za Ulaya. Ya pili inalipa mapema na inakaza mwili. Ya kwanza inamwachia shahada siku goti litakapokataa. Michelle Alozie, aliyesoma baiolojia ya molekuli Yale, alikuwa akifanya utafiti wa saratani ya watoto Houston huku akiichezea klabu ya mji huo na timu ya taifa ya Nigeria. Hakuna ligi ya Ulaya ya kati inayompa mchezaji hilo.

Anayeichagua njia ya chuo anakutana na kanuni zinazoua ndoto kimya kimya. Divisheni ya Kwanza inadai masomo 16 ya msingi yenye wastani wa alama 2.3 kwa kipimo cha 4, ya Pili 2.2. Mtihani wa SAT, ule wa kuingilia vyuo vya Marekani, si sharti la NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuudai. Kubwa zaidi ni saa inayohesabu. Baada ya kumaliza sekondari mchezaji wa soka ana mwaka mmoja wa neema kabla ya kujiunga na chuo. Akiendelea na mashindano rasmi baada ya hapo, misimu yake ya chuo huanza kukatwa. Binti anayemaliza shule, akacheza ligi kuu ya nyumbani miaka mitatu akisubiri ofa, anaweza kufika Marekani akiwa amebakiza msimu mmoja au miwili. Kwa nchi zenye vyeti viwili vya sekondari swali la kwanza la kuuliza ofisi ya usajili ya NCAA, kwa maandishi, ni cheti kipi kinachoianzisha saa hiyo. Swali la pili ni malipo. Posho ya nauli, chakula na malazi hutetewa kwa urahisi. Mshahara na fedha za usajili ni vigumu. Bila nakala ya mkataba na orodha ya malipo kutoka klabu, mchezaji hana cha kujitetea nacho.

Viza imekuwa kikwazo kikubwa kuliko vyote. Kwa amri ya rais wa Marekani ya Desemba 2025, kuanzia 1 Januari 2026 raia wa Tanzania wamezuiwa kupewa viza mpya za masomo, na Burundi ilikuwa imeshawekewa zuio kama hilo tangu Juni 2025. Kocha wa Oklahoma anaweza kumtaka binti wa Mwanza na kumwandikia skolashipu kamili, na bado asifike. Anayemchukulia mzazi wa Tanzania fedha za "kuunganishwa na chuo Marekani" bila kumweleza hilo anamdhulumu. Kwa Wakenya, Waganda na Wanyarwanda, ambao hawamo kwenye amri hiyo, bado kuna sharti lingine: viza ya F-1 haimruhusu mwanafunzi kufanya kazi atakavyo nje ya chuo, kwa hiyo mikataba ya matangazo inayowanufaisha wenzake Wamarekani inaweza kumvunjia viza. Ofa inayosema "utapata na fedha za jina lako" isomwe na mwanasheria wa uhamiaji kwanza.

Klabu zetu nazo zina maslahi ambayo hazijayapigia hesabu. Kanuni za FIFA zimeliondoa soka la wanawake katika fidia ya mafunzo, ile ambayo klabu hulipwa mchezaji wake kijana anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa. Kilichobaki ni mchango wa mshikamano: asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawanywa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23, asilimia 0.25 kwa kila mwaka wa 12 hadi 15 na 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Klabu iliyokuwa na binti akiwa na miaka 16, 17 na 18 ina asilimia 1.5. Akiuzwa kwa dola 200,000, ni dola 3,000. Mchezaji anayetoka chuoni anasaini akiwa huru, hakuna ada, hakuna kitu. Mantiki hiyo inaweza kuifanya klabu imzuie binti asiende kusoma, na nimesikia viongozi wakiitetea. Wanakosea hesabu. Aliyesoma chuo akasajiliwa NWSL, kisha akanunuliwa na klabu ya Ulaya, anafungua tena mgao ule ule, na kwa bei za sasa mgao huo unaweza kuzidi chochote ambacho ligi ndogo ingewalipa.

Sharti ni moja: miaka yake iwe imeandikwa. Mgao hufuata pasipoti ya mchezaji, inayojengwa na usajili wa shirikisho ndani ya mfumo wa FIFA. Timu nyingi za wasichana husajili kikosi cha ligi kuu tu, na akademia inabaki kwenye daftari la kocha. Binti aliyelelewa miaka minne bila usajili anaonekana duniani kama aliyeanza soka akiwa na miaka 17, na timu yake ya mtaani haidai senti. Katibu wa klabu anayetaka kuanza wiki hii anahitaji cheti cha kuzaliwa cha kila msichana wa kuanzia miaka 12, picha, saini ya mzazi, na tarehe ya kuanza na kumaliza kila msimu. Wakati anakusanya hizo, amkabidhi kila mshambuliaji wa miaka 16 na zaidi nakala za mechi zake mbili kamili za dakika 90, zisizokatwa. Makocha wa vyuo hupokea vipande vya mabao kila siku. Kwenye mechi nzima ndiko wanakoona anafanya nini mpira usipokuwa mguuni mwake.